Gari la dizeli lililotumika kwa safari za biashara, kilomita 45,000 kwa mwaka: nichague lipi?

Mchuuzi wa Isevya

Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninauza kwa jumla dawa za mifugo na mbegu hapa Tabora mjini, na wateja wangu wengi ni wenye maduka ya pembejeo walioko Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua na Sikonge. Jumatatu alfajiri naelekea Nzega na Igunga, Alhamisi naelekea Urambo na Kaliua, na Jumamosi nikijaliwa naingia Sikonge. Tangu Januari nimekuwa nikiandika kilomita katika daftari, na wastani wake ni kilomita 900 kwa wiki, kwa kuwa mara nyingi hulazimika kuiacha lami na kuingia vijijini. Ukiondoa wiki za sikukuu, hesabu inafika kilomita 45,000 kwa mwaka, nikiwa na mzigo wa kilo 400 hadi 450.

Kwa sasa natumia Noah ya petroli ya sisi 2000, ambayo ikiwa na mzigo hunipa kilomita tisa kwa lita. Imenitumikia vizuri, lakini springi za nyuma zimelala, na masika iliyopita ilinasa mara mbili kwenye matope ng'ambo ya Kaliua. Nimeamua kuhamia kwenye dizeli na nimepata magari matatu. La kwanza ni Hilux Surf ya 1997 yenye injini ya 1KZ, namba A, inayouzwa na mstaafu mmoja hapa mjini. La pili ni Hilux ya milango minne ya 2010, injini ya 2KD ya sisi 2500, namba B, ambayo ilinunuliwa ikiwa mpya na mradi fulani na sasa iko mikononi mwa dalali. Dashibodi yake inasoma kilomita 214,000. La tatu ni Hiace ya 2009 yenye 1KD ya sisi 3000, ambayo iko kwenye yadi Dar es Salaam na haijasajiliwa bado, nayo inasoma kilomita 128,000.

Ninaomba ushauri kwa uangalifu mkubwa kwa sababu miaka mitatu iliyopita niliumia. Nilinunua pikapu kwa kuamini kilomita 96,000 zilizokuwa kwenye dashibodi, na kabla ya mwezi wa tatu kwisha injini ilishushwa, fundi akanionyesha kuta za silinda zilizolika kabisa. Fedha ile ilikuwa mtaji wa msimu mzima wa mbegu. Safari hii nataka kujua nitazame nini kwa macho yangu mwenyewe, na pia kama ni kweli, kama wengi wanavyoniambia, kwamba injini za D-4D, yaani dizeli za kisasa za Toyota kama hizo 2KD na 1KD, haziyawezi mafuta ya huku kwetu.

Fundi Dizeli, Tabora

Ndugu Mchuuzi, umefanya jambo la maana kuandika kilomita zako, kwa sababu ushauri wa gari hutegemea njia gari linakopita. Safari zako ni ndefu, injini inapata joto lake kamili na kukaa nalo kwa saa kadhaa, na hiyo ndiyo kazi ambayo dizeli iliundwa kuifanya. Mtu ambaye kutwa nzima anazunguka kati ya soko kuu na stendi ningemwambia abaki na petroli.

Nianze na hilo la D-4D, maana ndilo linalowachanganya wengi. Katika injini za zamani kama 1KZ na 5L, nozo, yaani vinyunyizio vya dizeli, hufunguka kwa shinikizo la takriban baa 150, na tundu zake zinavumilia uchafu kidogo. Katika D-4D, dizeli husukumwa kwa shinikizo linalozidi baa 1,000, na vipande vilivyomo ndani ya nozo vimebanana kiasi kwamba vumbi usiloweza kuliona kwa macho linatosha kuvichubua. Kwa hiyo si kweli kwamba haziyawezi mafuta yetu. Zinachoshindwa kuvumilia ni maji, mafuta ya taa yaliyochanganywa, na filta iliyopitwa na wakati. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, na mafuta huwekwa vinasaba, yaani alama za siri, ili kuwabaini wachakachuaji. Dizeli ya kituo kinachouza sana haina shida. Shida ni dizeli ya madumu kando ya barabara, ambayo huijui ilitoka wapi wala imekaa kwa muda gani.

Ugonjwa ninaokutana nao mara nyingi kwenye 1KD na mdogo wake 2KD hautokani na mafuta hata kidogo. Chini ya kila nozo kuna pete ndogo ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande juu. Pete hiyo ikilegea, gesi chafu hupenya hadi chini ya kava la vali, masizi yanachanganyika na oili, oili inakuwa nzito, na hatimaye ule wavu wa kunyonyea oili uliomo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unaziba. Hapo injini inakosa oili ikiwa mwendoni na beringi zinasagika. Mwenye gari atakuambia kwamba injini ilikufa ghafla, kumbe ilikuwa inaumwa kwa mwaka mzima. Ukifungua mfuniko wa kujazia oili na kukuta kwa ndani masizi mazito yaliyoganda kama lami, funga mfuniko huo, mshukuru muuzaji, uende zako.

Kuhusu Surf, injini ya 1KZ naipenda na nimeifungua mara nyingi, lakini silinda hedi yake, yaani kile kifuniko kikubwa cha juu ya silinda, ni ya aluminiamu na haisamehe kuchemsha. Ikichemsha mara moja vibaya, hupasuka. Gari la 1997 limepita mikono mingi, na katika mikono hiyo pengine ipo iliyokuwa inajaza maji ya kisima kwenye rejeta. Ukitaka kuijaribu, hakikisha injini imelala usiku kucha, fungua mfuniko wa rejeta, washa, kisha tazama maji. Mapovu yakitoka mfululizo kabla injini haijapata joto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, na hiyo hedi imekwisha.

Kwa gari lolote kati ya hayo matatu, fika kabla muuzaji hajaliwasha. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya vuguvugu, omba urudi kesho. Dizeli yenye afya huwaka haraka hata asubuhi ya baridi ya mwezi Juni, na moshi mweupe kidogo unaopotea upesi si tatizo. Moshi mweupe unaoendelea na kuwasha macho ni dizeli isiyoungua, wa buluu ni oili, na mweusi mzito unapokanyaga mafuta ni nozo, tabo au filta ya hewa. Baada ya hapo, injini ikiwa inaunguruma, legeza mfuniko wa oili na uuache umekaa tu juu ya tundu lake. Ukitikisika kidogo si neno. Ukirushwa, injini inapumua na ringi zimechoka. Fanya haya wewe mwenyewe kabla hujaniita mimi au fundi mwingine.

Kwa magari ya D-4D ongeza kipimo cha kompyuta. Mashine itakuonyesha namba nne, moja kwa kila silinda, zinazosema kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani ili injini itulie. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, namba hizo zinatakiwa zibaki kati ya 3 chini ya sifuri na 3 juu ya sifuri. Inayozidi hapo inakuambia wapi pa kutazama.

Dereva wa Mwanga, Kigoma

Naungana na Fundi katika mengi, ila niongeze upande wa dereva, kwa kuwa nimeendesha magari ya mashirika kati ya Kigoma, Kasulu na Kibondo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, mengi yakiwa Land Cruiser za 1HZ.

Gari la mradi lina faida moja kubwa: mara nyingi lilikuwa na kitabu cha safari, na matengenezo yalifanywa kwa ratiba. Lakini lina siri ambayo dashibodi haiisemi. Tulikuwa tukifika kambini au kijijini, wageni wanafanya mkutano wa saa tatu, na gari linabaki linaunguruma ili kiyoyozi kifanye kazi. Kilomita haziongezeki, lakini injini inafanya kazi, tena kazi mbaya, kwa sababu dizeli ikiunguruma muda mrefu bila mzigo hupoa na kujaa masizi. Kwa hiyo kilomita 214,000 za gari la mradi usizisome kama kilomita 214,000 za gari la mfanyabiashara. Muulize dalali kitabu cha safari kiko wapi. Akisema hakipo, muulize mradi ulikuwa wilaya gani, kisha watafute madereva wake. Madereva tunajuana, na dereva aliyeliendesha gari atakuambia ukweli kuliko mtu anayeliuza.

Jambo la pili ni maji. Chini ya filta ya dizeli kuna kizibo kidogo cha kumwagia maji. Nilijifunza kukifungua kila Jumamosi asubuhi, nikikinga kwa chupa ya plastiki iliyokatwa nusu. Siku moja tulipokuwa Uvinza, baada ya kujaza mafuta kwa haraka kwenye madumu kwa sababu kituo kilikuwa kimeishiwa, nilikinga chupa ile na ndani ya dakika mbili yakajitenga mafuta juu na maji chini, maji yenye kina cha kidole gumba kizima. Gari lile lilikuwa 1HZ, likakohoa kidogo na kuendelea na safari. Lingekuwa D-4D, nozo zingeniachia bili. Tangu siku ile sikuruhusu tanki lishuke chini ya nusu, na nikikuta lori la mafuta linashusha kituoni, nilisogea mbele hadi kituo kingine, kwa maana mafuta yanapomiminwa huvuruga uchafu uliotulia chini ya tanki la ardhini.

Pengine utajiuliza kwa nini sikushauri utafute Land Cruiser ya 1HZ. Ni injini ya sisi 4200 isiyo na tabo, ni ngumu kuliko zote nilizowahi kushika, lakini kwa mzigo wako wa kilo 450 na barabara zako ambazo sehemu kubwa sasa ni lami, utakuwa unalipia nguvu usiyoihitaji. Mimi ilikuwa ikinipa kilomita saba hadi nane kwa lita, yaani pungufu ya hiyo Noah yako.

Mama Pembejeo, Nzega

Mdogo wangu, nimesoma maelezo ya kaka zetu na nimejifunza mengi. Ningependa kuuleta mjadala kwenye hesabu, kwa sababu nami nazunguka na mzigo wa aina hiyo hiyo.

Kilomita 45,000 kwa Noah yako ni lita 5,000 kwa mwaka. Hilux ya 2KD ikikupa kilomita 11 kwa lita, utatumia takriban lita 4,090. Umeokoa lita 910. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni shilingi 2,730,000 kwa mwaka. Ni fedha nzuri, lakini seti ya nozo nne mpya za asili inaweza kuimeza yote na kudai zaidi. Kwa hiyo usinunue dizeli kwa ajili ya mafuta peke yake.

Mimi nilihama kutoka petroli kwa sababu ya kubeba mzigo na kufika. Unauza chanjo za kuku, nami nauza, na unajua kwamba chanjo ya mdondo isipokaa kwenye ubaridi inaharibika. Gari likilala njiani usiku mmoja kati ya Kaliua na Urambo, barafu ikayeyuka kwenye boksi, hasara yake haimo kwenye hesabu ya lita. Ndiyo maana nakushauri uiondoe Surf. Kwanza nyuma yake ni finyu kwa maboksi, na pili umri wake unakutaka ujue gereji kila wilaya.

Hiace naipenda kwa sababu mzigo unafungiwa ndani, vumbi haliingii na mvua hailoweshi mifuko ya mbegu. Ila angalia mambo mawili. Gari la 2009 lisilosajiliwa bado limevuka miaka minane, kwa hiyo lina ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Ingiza taarifa zake kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujakubali bei ya yadi. Na kama ni ile ya tairi mbili za kuvuta, huko ng'ambo ya Kaliua masika itakunasa kama Noah.

Kuhusu kilomita 128,000 zake, usiziamini wala usizikatae kabla ya kutafuta stika. Magari mengi ya Japani yaliyobadilishwa mkanda wa taiming huwa na stika kwenye injini au ukingoni mwa mlango, yenye kilomita na tarehe. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa hesabu yao ya Heisei: jumlisha 1988 upate mwaka wetu, mfano 27 ni 2015. Ukikuta stika inasema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 150,000 na dashibodi inasema 128,000, umeshapata jibu lako.

Mchuuzi wa Isevya

Dada yangu, na ninyi wazee wangu, nawashukuru sana. Nimeiondoa Surf, na nilimpigia mtu wa yadi kuhusu Hiace: ni ya tairi mbili. Nimebaki na Hilux.

Jana saa kumi na mbili kasoro asubuhi nilikuwa getini kwa dalali. Hakufurahi, lakini alinifungulia. Injini ilikuwa ya baridi kabisa. Iliwaka mara moja, moshi mweupe ukatoka kwa muda mfupi ukaisha. Mfuniko wa oili ulitikisika bila kurushwa, na kwa ndani ulikuwa na utando mweusi mwembamba unaofutika kwa kidole. Sikuona masizi yaliyoganda. Kitabu cha safari hakipo, lakini nimempata dereva mmoja aliyeliendesha kwa miaka minne, na anasema mkanda wa taiming ulibadilishwa mara moja tu, kwenye kilomita 140,000 na kitu. Nozo anasema hazijawahi kuguswa.

Kijana wa kompyuta alipopima, namba zilikuwa 1.1 juu ya sifuri, 1.6 chini, 3.8 juu, na 2.4 chini. Je, hiyo silinda ya tatu ndiyo ya kunikimbiza?

Fundi Dizeli, Tabora

Usikimbie bado. Kompyuta inaongeza mafuta kwenye silinda ya tatu kwa sababu silinda hiyo haifanyi kazi sawa na wenzake, na sababu zinaweza kuwa mbili: nozo imechoka, au silinda yenyewe imepoteza mbano, yaani nguvu ya kubana hewa. Ya kwanza ni gharama, ya pili ni kushusha injini. Zitenganishe kwa kupima mbano, ambao hupimwa kupitia tundu za hita plagi, zile plagi za kupasha moto silinda, bila kugusa nozo. Silinda nne zikikaribiana, tatizo ni nozo na gari linanunulika kwa bei iliyopungua. Ya tatu ikiwa chini peke yake, liache.

La pili, kwa kuwa nozo hazijawahi kuguswa ndani ya kilomita 214,000, zile pete za shaba ni za tangu kiwandani. Mwombe dalali akuruhusu kufungua sampu kwa gharama zako, uutazame ule wavu kwa tochi. Ukiwa safi, funga kwa gundi mpya, weka oili mpya na filta mpya. Dalali akikataa hilo, nawe kataa gari. Na hata ukilinunua, pete zote nne zibadilishwe kabla ya safari ya kwanza ya mzigo. Mkanda uliofungwa kwenye 140,000 bado una nafasi, lakini hakuna karatasi inayothibitisha, na kwenye injini hizi hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Mimi ningeuweka kwenye hesabu ya mwaka huu huu.

Dereva wa Mwanga, Kigoma

Muulize pia huyo dereva mwenzangu kama gari liliwahi kuvuka mto likazama. Atakumbuka. Na inua zulia la miguuni upande wa abiria, tazama kama chuma chini yake kina kutu yenye mstari ulionyooka.

Mchuuzi wa Isevya

Dereva amejibu kwamba halikuwahi kuzama, na chini ya zulia ni kukavu, rangi ya kiwandani bado ipo. Mbano umepimwa leo mchana na silinda zote nne zimekaribiana sana. Dalali amekubali sampu ifunguliwe, ila kwa sharti kwamba nikikuta wavu safi nilipe siku hiyo hiyo, na amekubali kupunguza kwenye bei ya gari gharama ya nozo moja na pete nne. Tumepanga Jumatano saa mbili asubuhi. Fundi, naomba uwepo wewe mwenyewe, tochi nitakuja nayo. Alhamisi mzigo wa Kaliua utakwenda na Noah kama kawaida.